Kimeo cha Mkwe Wangu

Jumatatu, 24 Julai 1905

Ifahamike kwa watu wote wa Kibiti na viunga vyake, walio na mashamba na wasio na mashamba, kwamba leo asubuhi, baada ya kuugua kwa muda mrefu, jino la mbele la Mwinjuma bin Sadala limeiaga dunia. Mauti yamelikuta ndani ya kipande cha muhogo wa kuchoma. Limezikwa nyuma ya banda la kuku. Matanga hakuna.

Zena kacheka mpaka kakaa chini. "Kinyozi na mng'oa meno wa Kibiti nzima, lake limemtoroka." Mke wangu wa ndoa ya miaka ishirini na sita huyo. Nikamwambia sasa nitapiga mluzi bila taabu. Kasema mluzi wangu tangu zamani ni upepo tu.

Tarehe nimeiangalia kwenye kalenda ya Mhindi wa dukani. Ni tarehe ya Wadachi, lakini haibishaniwi kama mwezi wetu.

Tamimu, mume wa binti yangu Mwantum, karudi jana kutoka Ngarambe. Walikwenda kumi na wawili, mbele yao Mtoro mwindaji, kuchukua ile dawa — maji yatakayozigeuza risasi za Wadachi ziwe maji. Anasema watu huko ni wengi kuliko maulidi. Walinyunyiziwa, wakavishwa shingoni vitete vya mwanzi vyenye maji yale. Masharti: usimguse mkeo mpaka vita viishe, usichukue cha mtu. Kisha, kwa kuona kunyunyiziwa hakutoshi, Mtoro na Tamimu wakalala kifudifudi kwenye kidimbwi wakanywa mpaka matumbo yakalia.

Nimempa pole ya safari. Sauti yake imekauka kama ya jogoo mzee. Vumbi la njiani, nadhani.

Alhamisi, 27 Julai

Si vumbi. Mwantum kaja asubuhi na uso umemshuka. Mumewe anatoka damu puani, tone tone, kila siku. Anakohoa, anatema nyekundu. Anasema kooni kuna kitu kinamtekenya.

Kooni! Basi hiyo ni kazi yangu. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kimeo, kikirefuka kinalamba shina la ulimi, mtu anakohoa mpaka anakonda. Sisi tunakikata. Baba alikata, babu alikata. Mtoto asiyenyonya — kimeo. Mzee anayekonda — kimeo. Ukiniletea mbuzi mwenye kikohozi nitamwambia afungue kinywa.

Taabu ni kwamba mgonjwa ni mkwe. Tangu amuoe Mwantum, Tamimu hajala mbele yangu. Akiketi, anaketi ubavu ubavu, macho kwenye mkeka. Zena akipita yeye anaingia vichakani. Leo nimwambie fungua kinywa mpaka nione koromeo?

Nikasema apelekwe kwa mkata vimeo wa Bungu. Zena alikuwa nyuma ya ukuta, maana mkwe yuko barazani. Sauti ikaja kupitia makuti: "Yule anayekata kwa kisu cha kuparia samaki?"

"Ni heshima, Zena."

"Akifa kwa heshima utamzika kwa heshima?"

Nimenoa kisu.

Jumamosi, 29 Julai

Nimekata. Tamimu aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mimi nimesimama. Shikamoo baba, marahaba, fungua kinywa. Akafungua huku kafumba macho kwa haya. Na mimi, niandike ukweli, nilikuwa naangalia paa. Nilitia kijiti nikakandamiza ulimi, nikakipapasa kimeo kwa kidole, nikakifuata na kisu changu kilichopinda kama mundu mdogo. Mara moja. Wala hakuguna.

Kioo sikukitumia. Kwa wagonjwa wengine huwa nakishika juani nikaupeleka mwanga mpaka ndani kabisa ya koo, ukaona kila kitu kama umeingia na taa. Lakini kummulika mkwe kooni? Haijapata kuonekana.

Kimeo nimekiweka kwenye jani la mgomba, Mwantum kakichukua kwenda kukizika. Hakikuwa kirefu. Sikusema.

Jumanne, 1 Agosti

Damu haikukoma. Imezidi. Siku ya kwanza na ya pili nilisema ni kidonda changu. Leo ni ya nne, na kidonda, kwa kumwuliza anavyomeza, kimepona. Damu inatoka puani, nyeusi, asubuhi na jioni. Weupe wa macho yake umekuwa mweupe mno.

Mtoro kaja adhuhuri. Nampenda Mtoro. Ana gobori moja ambalo mimi huliogopa zaidi nikiwa nyuma yake kuliko nikiwa mbele yake. Nikamtania hivyo, hakucheka. Leo ni mtu mwingine. Anaongea taratibu kama anayesoma.

Kasema kule Matumbini pamba ya Wadachi imeng'olewa, mashina juu. Kasema na sisi zamu yetu inakuja. Kisha kasema: "Kaka Mwinjuma, dawa haina damu. Mtu aliyekunywa akatoka damu kabla ya vita, huyo kavunja mwiko."

Nikamwambia kuna pua zinazotoka damu hata bila vita.

"Kamgusa mkewe," kasema Mtoro. "Na akiwa katikati yetu hivyo, ataiharibu dawa ya wote."

Wanaondoka Jumatano ya wiki ijayo. Damu ikikoma, Tamimu atakwenda nao. Isipokoma, watamrudisha Ngarambe akaulizwe mbele ya watu. Mmoja wa upande wa Bungu aliulizwa hivyo mwezi uliopita. Alirudishwa kwenye kitanda, watu wanne wamembeba, na hakumaliza wiki.

Mwantum kasikia yote. Alipoondoka Mtoro kaniambia, bila kunitazama, "Baba, hajanigusa. Analala ukumbini." Binti kumwambia baba yake neno kama hilo. Tumefika mbali.

Alhamisi, 3 Agosti

Samanga imechomwa, wanasema. Mhindi anafunga marobota. Nikamwuliza anakwenda wapi. Kasema kutembelea ndugu. Na kalenda anakwenda kuitembeza?

Tamimu hawezi kusimama kwa miguu yake. Uji wa Mwantum anautema na damu.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimezishinda haya zangu. Asubuhi nikamwambia Tamimu: leo mimi si mkwe wako, mimi ni kinyozi tu, na wewe si mkwe wangu, wewe ni koo. Kasema, "Ndiyo, baba." Nikasema usiniite baba. Kasema, "Ndiyo, baba."

Nikamkalisha uani kinyume cha jua, nikamfunga kitambaa machoni, maana mwanga wa kioo unaumiza na mtu akipepesa anatikisa kichwa. Nikashika kioo. Mwanga ukaingia.

Mahali pa kimeo pamepona vizuri. Kazi safi. Kazi safi isiyo na maana. Juu yake, nyuma, kule pua inakoshukia kooni, niliona kitu cheusi kinachong'aa. Nikadhani damu iliyoganda. Kikajivuta. Kikarudi ndani.

Nilikaa chini mchangani. Nimewahi kukiona mara moja tu maishani, puani mwa mbwa wa Mtoro, mwaka wa njaa.

Ni ruba. Ruba hai, nene kama kidole changu cha mwisho, limemng'ang'ania mkwe wangu ndani ya kichwa na linamnywa. Lilimwingia likiwa jembamba kama uzi, siku ile alipolala kifudifudi kidimbwini. Na mimi nimemkata kimeo kisicho na kosa, kwa sababu niliona aibu kutazama.

Sijamwambia mtu. Kesho nitalitoa. Nitaliweka kwenye bakuli uani na kila mtu ataliona — Mtoro na wenzake, Mwantum, kijiji kizima. Waone kilichokuwa kinamla. Mwiko hakuvunja. Na waone pia maji yale yana nini ndani yake, kabla ya Jumatano.

Jumapili, 6 Agosti

Limetoka. Damu imekoma.

Tangu jana jioni nilimnyima maji, asubuhi nikamlisha papa mkavu mwenye chumvi, nikamweka juani. Mtu akiwa na kiu hivyo, na ruba lina kiu. Adhuhuri nikampeleka ndani, nikamfunga macho, nikamwinamisha juu ya bakuli la maji ya mtungi, baridi, pua inakaribia kuyagusa lakini haiyagusi. Tukangoja. Lilipochungulia tunduni nililishika kwa koleo dogo la sonara, ncha zake nimezipaka majivu lisiteleze, nikavuta polepole, pumzi kwa pumzi. Ukilivuta kwa haraka linakatika, na nusu inabaki ndani.

Mtoro na watatu wenzake walikuwa uani wanangoja. Nimewaambia mzizi wa kimeo ulibaki, nimeung'oa. Wamenishika mkono mmoja mmoja. Mkono wa Mwinjuma, wanasema. Nimekula vizuri leo.

Sina la kuongeza.

Jumatano, 9 Agosti

Wameondoka baada ya alfajiri. Tamimu alikuja kuaga. Siku tatu tu na sauti imerudi, mashavu yamejaa kidogo. Kapiga magoti: "Baba, Mungu akulipe." Akacheka, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yangu. Kitete cha mwanzi shingoni, kifua wazi. Mgongoni makovu ya ile khamsa ishirini ya viboko aliyopigwa mwezi wa Mei kwenye shamba la pamba la jumbe. Nilimpaka mafuta mimi mwenyewe.

Mwantum kanivuta kando: "Mzuie, baba. Wewe atakusikiliza. Wewe ndiye uliyemponya."

Nikamwambia hayo ni mambo ya wanaume. Sauti yangu ilipitia kwenye pengo la jino ikatoka kama mluzi. Hakucheka mtu.

Jumanne, 22 Agosti, kwa hesabu ya kichwa changu

Duka la Mhindi limefungwa wiki mbili sasa. Nilichungulia ufani, msumari wa kalenda upo, kalenda haipo. Basi siku nazihesabu kwa mafundo ya kamba, na Zena kaikata moja kufungia kuku.

Wateja hakuna. Watu hawanyoi wakati kama huu, na mwenye kimeo anavumilia.

Jana kapita mtu anatoka ng'ambo ya mto, mkono kaufunga nguo. Risasi. Kasema risasi hazikugeuka maji. Wenzake waliobaki wanasema waliopatwa ni wale waliovunja mwiko, wakanyang'anya mbuzi njiani. Nilimwuliza, na wewe je? Kasema yeye hakuchukua mbuzi. Kisha kasema alichukua kuku. Kanikazia macho kama anayetaka nimwambie kuku ni sawa na mbuzi.

Nilimfunga kidonda upya. Nilimwuliza habari za Tamimu. Hamjui.

Zena anachuja maji ya mtungi kwa kaniki, mara mbili. Zamani alichuja mara moja. Nilimwuliza kwa nini. Kasema, "Basi tu."

Ijumaa, mwezi mosi Rajabu

Kalenda ya Wadachi imetoroka, mwezi wetu uko palepale. Tumeuona jana.

Mgonjwa ninaye uani. Ni Mtoro. Alikuja asubuhi peke yake kupitia mashambani, kilemba kakizungusha mpaka machoni. Alipokifungua, pua yote damu kavu. Sauti ya jogoo mzee. Wiki tatu zilizopita alipeleka watu wengine Ngarambe, na kwa kutaka baraka zaidi alinywa tena kidimbwini, kifudifudi, kama ile mara ya kwanza.

"Kaka Mwinjuma," kasema, "mimi sikuvunja. Wallahi sikuvunja." Hakuna aliyemshtaki. Amekimbia kabla hawajaona. Anataka nimng'oe mzizi wa kimeo kama nilivyomng'oa Tamimu, arudi kwa watu wake wakidhani alikwenda kutafuta baruti.

Tamimu yu hai. Jumanne alikuwa hai. Nilimfanya Mtoro arudie mara tatu.

Kisha kaniambia mengine. Wamemweka mbele. Kila wanapokwenda, Tamimu ndiye anayetangulia, kifua wazi, wima, hajifichi mtini, hainami. Wenzake wanamfuata yeye. "Yule dawa ilimjaribu, ikamtoa damu, kisha ikamkubali," kasema Mtoro. "Kila mtu Kibiti aliona ilivyokoma." Jumatatu wanaliendea tena boma la Wadachi. Kuna bunduki ile inayopiga mfululizo bila kupumzika.

Nimempa papa mkavu na kumkalisha juani. Tangu jana hajanywa, kwa woga wake mwenyewe, basi adhuhuri atakuwa tayari. Ninao muda wa kuandika. Niandike, basi, ilivyokuwa siku ile Jumapili. Niliyoyaandika siku ile si uongo. Nilikata tu, kama kawaida yangu.

Lilipotoka lilianguka bakulini, likajikunja. Tamimu alikuwa bado kafungwa macho. Kapumua kwa nguvu, pua zote mbili, kama mtu aliyetoka majini. Kisha kaniuliza. Kaniuliza wazi: "Baba, ilikuwa nini?"

Nilikuwa na bakuli mikononi. Nafasi ya kumfungua kitambaa ilikuwepo. Mlango ulikuwa hatua mbili na Mtoro nyuma yake.

Nikasema, "Mzizi wa kimeo, mwanangu. Ulibaki."

Kisha nikalitupa ruba motoni, jikoni kwa Zena, likalia. Ndipo nikamfungua macho.

Nilimwogopa Mtoro, hilo kweli. Kuwaambia watu wale wanne kwamba maji waliyoyabeba shingoni yana maruba kama ya kidimbwi chochote kingine — ningeweza mimi kubebwa kwenye kitanda. Wiki hizi zote nimekuwa nikijiambia ni hivyo: hofu, na mwenye hofu husamehewa.

Lakini kabla ya hofu lilikuja jingine, na lilikuja upesi zaidi. Nilifikiria kimeo. Ruba likionekana, kila mtu atajua nilikata kimeo kizima. Watauliza na mengine. Mama wa yule mtoto niliyemkata mwaka juzi, asipone, atauliza. Vimeo vyangu vyote, na vya baba, watu wataanza kuvihesabu. Nilitaka kutoka pale mlangoni nikiwa Mwinjuma yuleyule. Nikatoka, wakanishika mkono, nikafurahi. Nilifurahi mpaka jioni.

Labda angekwenda vitani hivyo hivyo. Mgongo ule unajua njia. Ila angekwenda akiinama. Angejificha nyuma ya mti kama mtu yeyote mwenye akili. Nilichomponya nacho ndicho kinachomsimamisha wima mbele ya bunduki.

Zena anajua. Leo nilipomwambia Mtoro ana nini, alisema bila kuacha kutwanga, "Mzizi hauanguki bakulini ukajipigapiga. Nilikuwa nyuma ya ukuta." Wiki nne hakusema neno, akachuja maji mara mbili.

Mtoro ana miguu. Akiondoka leo jioni, Jumapili yuko ng'ambo ya mto. Neno lake wanalisikiliza. Ndiye aliyewapeleka Ngarambe. Mimi wakinisikia watasema mzee mwoga. Akiliona mwenyewe, hai, limetoka kwenye pua yake mwenyewe ambayo haikuvunja mwiko wowote... sijui atafanya nini. Anaweza kuwarudisha. Anaweza kunipiga kwa kitako cha lile gobori, ambalo nimegundua ameliegemeza mlangoni kwangu.

Anaita. "Kaka, kiu inaniua." Namjibu kidogo tu, kaka, kidogo tu.

Bakuli limejaa. Majivu yapo, koleo lipo, kioo nimekifuta. Mwantum kaja, kasimama karibu na mtungi, nimemwambia asiondoke.

Zena kapita sasa hivi, jua limefika utosini. Kaniuliza kitambaa cha kumfunga macho kiko wapi. Nimemwambia sijakiona.

Nimekikalia.